Saa ya Mlinzi na Saa ya Kibarua

Mabruka Taib hakuwa mtu wa kujisifu bure. Akijisifu alikuwa na sababu, na sababu yenyewe mara nyingi ilikuwa mezani mbele yako, ukiitazama. Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, kocha mmoja alipopanda ngazi za ofisi yao pale Spring Valley, daftari kwapani, akamwambia kwamba programu yake imemwibia msichana wa watu sekunde, Mabruka hakukasirika. Alimwonea huruma kidogo tu.

"Kaa, Mwalimu," alimwambia. "Programu haiwezi kuiba. Haina hata mfuko wa kuweka."

Kocha hakucheka. Jina lake lilikuwa Mwololo, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mrefu, mkavu, mwenye koti la michezo lililopauka mabegani. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa akifundisha vijana mbio kwenye uwanja mmoja wa nyasi huko Jamhuri, bila mshahara, na kwa ukali uliojulikana mpaka Riruta. Alivuta kiti, akakaa, akaweka daftari magotini kama mtu aliyekuja kushinda.

Programu iliyoshtakiwa iliitwa Utepe. Mabruka ndiye aliyeandika sehemu yake kubwa, na alikuwa tayari kuapa mbele ya kadhi kwamba ni kazi safi. Unaweka simu moja kwenye mstari wa mwisho, juu ya stendi yake ya miguu mitatu. Maikrofoni inasikia bastola ya kuanzishia mbio ikilia, kamera inapiga picha mia mbili na arobaini kila sekunde, na mkimbiaji akikata mstari programu inakupa muda wake. Kwa mbio za mita mia nne, ambapo watu huanzia palepale wanapomalizia, simu hiyo moja inatosha. Shule zisizo na uwezo wa kununua mitambo mikubwa ziliipenda, na Mabruka alipenda kupendwa, nani hapendi?

"Sasa nieleze taratibu," alisema. "Nani kaibiwa?"

Mwololo alieleza. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mchujo wa wakfu mmoja unaolea wanariadha chipukizi. Wasichana wa mita mia nne walitengewa nafasi mbili tu: miaka miwili ya kambi, na chuo juu yake. Walikimbia makundi manne, hapakuwa na fainali, muda peke yake ndio uliokata shauri. Shiru wa Riruta, namba 231 kifuani, alishinda kundi la tatu. Utepe ukampa 56.44. Namba 198 alikuwa na 55.61, namba 214 alikuwa na 56.08. Shiru akawa wa tatu, na wa tatu hana chake.

"Mwakani atakuwa amepita umri," Mwololo alisema. "Amemaliza form four, na mama yake hana kitu. Hii ndio ilikuwa mlango yake. Na orodha inafungwa kesho saa sita mchana."

Mabruka alitikisa kichwa kwa upole. Moyoni alikuwa ameshatoa hukumu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kocha gani angekuja kuulizia muda wa msichana wa kocha mwingine?

"Wewe ulimpa muda gani?"

"55.58. Na hii hapa." Alitoa mfukoni saa ya kubonyeza, ile ya plastiki, uzi wake umeng'aa kwa jasho la miaka.

"Mwalimu, ya mkono hutangulia daima. Bastola ikilia, kidole kinachelewa kuanza. Mtu akifika, jicho lilishamwona toka mbali, kidole hakichelewi. Kila mtu anajua hivyo."

"Najua. Nimefundisha hiyo kabla wewe uzaliwe." Akafungua daftari. "Angalia hapa. Kundi la kwanza, mshindi, mkono wangu 55.93, yenu 56.08. Tofauti kumi na tano za mia. La pili, kumi na tatu. La nne, kumi na sita. Kidole changu kinachelewa vilevile siku zote, kama mtumishi wa serikali. Sasa kundi la tatu." Akaweka ukucha chini ya mstari. "Themanini na sita. Madam, kidole changu kililewa mbio moja tu, kisha kikalevuka?"

Mabruka akalivuta daftari karibu. Mistari ilikuwa imenyooka, namba za vifuani tu bila majina, tarakimu za mtu aliyezoea kusahihisha mitihani. Swali lilikuwa zuri, na swali zuri Mabruka hakuwahi kulikimbia.

"Nitakuonyesha jinsi inavyofanya kazi," alisema. "Halafu utanywa chai, na utarudi Jamhuri roho imetulia."

Akachukua karatasi, akachora duara mbili.

"Simu ina saa zaidi ya moja tumboni. Hii ya kwanza mimi huiita ya mlinzi. Toka simu iwashwe, mlinzi anahesabu tu. Simu ilale, iamke, yeye yuko macho. Hii ya pili ni ya kibarua. Kibarua huhesabu simu ikiwa kazini. Simu ikilala, naye anaweka jembe chini, ikiamka anaendelea alipoachia. Sasa, kamera ya simu hizi hupiga muhuri wa kila picha kwa saa ya mlinzi. Sauti hupigwa muhuri kwa saa ya kibarua. Ukitaka kujua picha hii ilikuja muda gani baada ya bastola ile, lazima uzipeleke zote kwenye saa moja. Unajua tofauti yao, unaitoa."

"Kama mzungu akisema nine na mimi nasema saa tatu," Mwololo alisema. "Natoa sita."

"Hasa."

"Lakini sita yangu haibadilikangi. Hiyo yenu?"

"Yetu hubadilika, ndiyo maana naipima. Na kuipima ni kazi, kwa sababu huwezi kusoma saa mbili kwa mpigo. Ukimaliza kusoma moja, nyingine imeshasogea. Mimi nasoma kibarua, nasoma mlinzi, nasoma kibarua tena, nachukua katikati. Narudia mara kadhaa, nabakisha ile iliyokwenda haraka kuliko zote. Naijua tofauti hiyo mpaka sehemu ya milioni ya sekunde." Alisema hilo la mwisho polepole, maana alikuwa amelikeshea wiki mbili na lilikuwa linamfurahisha bado.

Kisha akaonyesha kwa vitendo. Juu ya meza ndefu karibu na dirisha kulikuwa na simu sita, kila moja na waya wake wa kuelekea kwenye kompyuta. Alifungua Utepe kwenye ya kwanza, akabonyeza kitufe cha Tayari, akapiga kofi moja mbele ya kamera. Kompyuta ikaonyesha mahali mikono ilipokutana kwenye picha na mahali sauti iliposikika. Hakukuwa na pengo hata la picha moja. Akafanya simu ya pili, ya tatu, zote sita. Akazima vioo vyao, akangoja, akaviwasha, akapiga tena. Hakuna pengo. Norman, mwenye kampuni, alichungulia mlangoni kuona ni nani anayeshangiliwa hivyo, akarudi zake.

Mwololo alikunywa chai yake yote akitazama. Alipoweka kikombe chini, akauliza kitu kilichokuwa kinamsumbua.

"Mbona simu zenu zimefungwa kamba hivyo, kama mbuzi wa Dagoretti wakingoja kisu?"

"Ni za majaribio. Waya ndio unaoniletea habari zote kwenye kompyuta."

"Saa yote?"

"Saa yote."

"Kule uwanjani hakuna waya," Mwololo alisema. "Hakuna hata stima ya kuchaji."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Mabruka alisimama, mkono wake umebaki hewani, tayari kwa kofi lingine ambalo halikupigwa. Simu iliyochomekwa waya hailali. Kioo kinazimika, ndiyo, lakini ndani iko macho. Inakula umeme wa bure na inazungumza na kompyuta. Kwa mwaka mzima alikuwa amepima tofauti ya mlinzi na kibarua kwenye simu ambazo kibarua hakupewa likizo hata siku moja.

Alichomoa waya wa simu ya kwanza. Akabonyeza Tayari, akazima kioo, akaiacha pale mezani. Walikaa wakiitazama, yeye na mwalimu, kama watu wanaolinda mgonjwa. Baada ya dakika kumi akaiwasha. Programu ilikuwa palepale, kitufe cha Tayari bado kimewaka kijani. Akapiga kofi.

Pengo lilikuwa la dakika sita na zaidi.

"Subhanallah," Mabruka alisema kwa sauti ya chini.

Hakuhitaji kutafuta. Mstari wenyewe aliujua, alikuwa ameuandika kwa mkono wake. Tofauti ilipimwa mara moja, mtu akibonyeza Tayari, kisha ikawekwa mpaka mbio ziishe. Alikuwa ameipima kwa usahihi wa ajabu, hadi sehemu ya milioni, halafu akaitumia ikiwa imechacha. Hakuna aibu inayouma kama ya mtu hodari, kwa sababu mzembe ameshaizoea.

"Kwa hivyo nilikuwa sawa," Mwololo alisema. Hakusema kwa furaha.

"Ulikuwa sawa kwamba kuna kosa. Hatujui bado kama ni kosa hili, na hatujui ni kubwa kiasi gani. Wewe una themanini na sita, na humo kuna uzito wa kidole. Wakfu hawatabadilisha orodha kwa kidole. Nataka namba yangu mwenyewe." Alikuwa ameshavaa mtandio vizuri na kuchukua kompyuta yake. Aibu ilikuwepo, lakini miguu ilikuwa inajua kazi. "Simu ya Jumamosi ilikuwa ya nani?"

"Ya Kiarie. Yule wa studio, Riruta."

Norman aliwakuta ngazini. Mabruka alimweleza kwa sentensi tatu, na uso wa Norman ukaanguka kwa hatua tatu.

"Mabruka, fikiria kidogo," alisema. "Si tunaweza rekebisha tu kimyakimya, tutoe toleo jipya? Tukianza kuandikia watu kwamba muda ulikosewa, kila shule itarudisha hii kitu."

"Watairudisha wakigundua wenyewe. Sisi tukiwaambia, wataiamini zaidi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na barua nitakayoandika. Ukiisoma na wewe utakuwa nao."

Norman alimjua kwa miaka minne. Akasogea ukutani, akawapisha.

Studio ya Kiarie ilikuwa chumba kimoja kando ya Naivasha Road, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Alipiga picha za pasipoti, harusi, mazishi, mahafali ya chekechea, na Jumamosi alikodishwa na simu zake kwenda kusimamia mstari wa mwisho. Alikuwa kijana mnene mwenye tabasamu la mtu anayewaambia watu watabasamu kutwa.

"Niaje Coach. Sasa madam," alisema. "Hiyo simu iko. Sijafuta kitu, mimi sifutangi kitu hadi client alalamike."

"Kabla ya kundi la tatu," Mabruka aliuliza, "ulibonyeza Tayari, halafu kukatokea nini?"

Kiarie alikuna shingo. "Eeh, kulitokea mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa tatu hivi, ziliingia kwa track. Mimi nishabonyeza Tayari, wasichana washainama. Starter, yule wa bastola, akasema tungoje. Sasa simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo, mimi nikazima screen ni-save. Hata haijakaa, hiyo grupu ya familia yetu ikaingia, mtu ametuma habari ya ruracio ya shangazi, hiyo sherehe ya mahari. Kioo kikawaka. Nikaona basi, wacha ikae. Mbwa zikatoka, tukaendelea."

Mabruka alitazamana na Mwololo. Simu ilikuwa imeanza kulala, usingizi wenyewe haujakolea, shangazi wa Kiarie akaiamsha. Kibarua aliweka jembe chini kidogo tu kisha akaliokota. Kama ingelala dakika sita, kila mtu angeona upuuzi wa muda wa dakika saba kwa mzunguko mmoja na mbio zingerudiwa. Ililala chini ya sekunde moja, na kosa dogo ndilo linaloweza kuketi kwenye orodha likafanana na ukweli.

"Lakini nitajuaje ni kiasi gani?" alisema, akijiuliza mwenyewe zaidi ya wao. Alihitaji kitu ndani ya mbio zile zile, kilichoonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Bastola haikuwa mbele ya kamera. Miguu ya wasichana haikusikika. "Nifungulie kundi la kwanza, tuanze huko."

Video ilikimbia polepole. Wasichana walikata mstari mmoja mmoja, wa mwisho akapita akishika kiuno. Kisha mikono miwili minene ikatokea mbele ya kamera, ikapiga kofi moja, pah, na picha ikakatika.

Mabruka akasimamisha. "Hii nini?"

"Ni mimi," Kiarie alisema. "Nikimaliza shot napiga kofi. Ni mazoea ya video za kanisa. Sauti ya kwaya unarekodi na mashine ingine, picha na ingine, ukirudi huku unatafuta kofi ndio uzilinganishe. Hata kwa mazishi mimi hupiga, watu hukasirika." Akasita. "Kwani nimeharibu?"

"Kiarie," Mabruka alisema, "Mungu akupe harusi mia."

Alifungua kompyuta. Kundi la kwanza, mikono ilikutana kwenye picha na sauti ikasikika pamoja. La pili vilevile. La nne vilevile. Kwenye kundi la tatu, sauti ya kofi ilisikika wakati mikono ya Kiarie bado iko mbalimbali, haijaanza hata kukaribiana. Mabruka alisogeza picha moja baada ya nyingine akihesabu kwa midomo, na chumba kizima kikahesabu naye. Mikono ilikutana picha mia moja na sabini baadaye.

"Sehemu sabini na moja za mia za sekunde," alisema. "Zimeongezwa kwa kila aliyekimbia kundi hilo."

Mwololo alikuwa ameshatoa kalamu. Kwenye themanini na sita akatoa sabini na moja, akabaki na kumi na tano, uzito uleule wa kidole chake wa siku zote. Alitazama hesabu hiyo, akaipigia mstari mmoja chini kwa rula ya Kiarie.

Mabruka alitaka kurusha mikono juu. Kosa lilikuwa lake, lakini namba hii pia ilikuwa yake, na ilikuwa imekaa vizuri mahali pake kiasi cha kupendeza. Shiru alikuwa amekimbia 55.73. Aliingiza tofauti mpya, akapanga muda wote upya kwenye karatasi moja: 198 wa kwanza, 231 wa pili, 214 wa tatu. Waliobaki walikuwa mbali nyuma, hawakuguswa na hesabu.

Hapo ndipo furaha ilipopungua kidogo, kwa sababu Mabruka hakuwa mtu wa kupanga namba asione watu. Kuna msichana mwingine aliyekuwa ameambiwa tangu Jumamosi kwamba amepata. Pengine ameshawaambia jirani. Pengine begi limeshatolewa juu ya kabati.

"Kwenye barua lazima niweke majina," alisema. "Utepe hauna majina, una namba za kifuani tu. Nani ana orodha ya waliojiandikisha?"

Kiarie alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya mkoba wa kamera. Akampa, kisha akageuka ghafla akaanza kupanga fremu za picha rafuni, ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mabruka alishusha kidole kwenye safu ya namba. 198. 203. 207. 214.

Alisoma jina mara mbili. Valarie Mueni Mwololo.

Akainua macho. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye stuli ya wapigwa pasipoti, mbele ya pazia jeupe, mgongo umenyooka, daftari magotini.

"Ni binti yako."

"Ni kifungua mimba."

"Na ulijua."

"Daftari ni langu," Mwololo alisema. "Jumamosi jioni nilikaa kwa gari nikalinganisha. Nikaona 55.58, nikaona 55.93. Nikaona nani ako mbele ya nani. Nimejua toka hiyo Jumamosi."

"Mwalimu, ungeweza kunyamaza." Mabruka hakukusudia kusema hivyo, yalimtoka. "Hakuna mtu angejua. Mimi nisingejua mpaka kufa."

"Ningeweza. Jumapili nilinyamaza siku nzima, nikaenda kanisa na yeye amekaa hapa kando yangu, anaimba. Jumatatu nikanyamaza tena. Jana Shiru akakuja mazoezi kama kawaida." Alikunja uso. "Hakulalamika, unajua? Aliniuliza tu, coach, nirekebishe wapi? Ati arekebishe. Ningemwambia nini? Na saa hii imening'inia hapa shingoni?"

Kiarie aliacha fremu zake. Mabruka alikumbuka alivyomhukumu asubuhi, ngoma na ngozi na kila kitu, na akajiona mdogo kuliko alivyojiona kwa lile kosa la saa. Alitaka kumwomba radhi lakini radhi ingemlazimu aeleze alichofikiri, na hilo halikuwa la kumwongezea mzee wa watu siku hiyo.

Akaandika barua palepale, juu ya kioo cha kaunta. Hakulifunika kosa. Aliandika kwamba saa mbili za simu zilitofautiana baada ya simu kulala, kwamba programu ilitumia tofauti ya zamani, kwamba mstari huo aliuandika yeye, Mabruka Taib, na kwamba usahihi wa awali usiwadanganye watu kwa kuwa kilichopimwa vizuri kikiwekwa huharibika. Akaambatisha video nne za makofi na karatasi ya muda. Akampelekea Norman kwanza. Baada ya robo saa Norman akajibu kwa neno moja, Tuma, na Mabruka akatuma. Kabla ya saa tisa alasiri watu wa wakfu walikuwa wamepiga simu, wakauliza maswali mawili ya maana, wakaangalia kofi la kundi la tatu wao wenyewe, na kukubali. Orodha mpya ingetangazwa asubuhi.

"Shiru nitamwambia mimi," Mwololo alisema walipotoka nje. Kisha akasimama kando ya magodoro. "Huyu mwingine, nisaidie. Mimi nikimwambia atasikia kocha, ama atasikia baba, na zote mbili hazitamfaa. Wewe mwambie kama fundi."

Mabruka angependelea kurekebisha programu kumi. "Twende," alisema.

Walimkuta Valarie uwanjani Jamhuri, peke yake, mapema kabla ya wenzake, akipanga koni za mazoezi kwenye nyasi. Alikuwa na urefu wa baba yake na namna yake ya kukunja uso. Mwololo alibaki langoni. Mabruka alivuka nyasi, akajitambulisha, akamweleza yote bila kupunguza: mlinzi na kibarua, mbwa, shangazi wa Kiarie, makofi. Hakumwambia pole katikati ya maelezo, aliona ingemzuia asisikie. Valarie alisikiliza akiwa ameshika koni mbili, moja kila mkono.

"Na yangu?" aliuliza mwishowe. "Yangu pia ilikosewa?"

"Hapana. Yako ni ileile. 56.08, na hakuna atakayeigusa."

"Sijawahi kimbia hiyo kabla." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeangalia kitu kama bado kipo mfukoni. "Na Shiru?"

"55.73."

Valarie aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na koni. Alilia kidogo tu, bila sauti, na Mabruka akasimama naye pale asiende kokote.

"Nani aliwaambia muangalie?"

Mabruka angeweza kusema ni wakfu, au ni ukaguzi wa kawaida. Msichana asingejua. Lakini siku ile ilikuwa imeshamfundisha kitu kuhusu mambo ambayo watu hawangejua.

"Baba yako. Alikuja ofisini kwangu leo asubuhi na daftari lake. Alijua ni wewe ungetoka."

Valarie aligeuka akatazama langoni. Mwololo alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, bila kusogea mbele wala kurudi. Walitazamana hivyo kwa muda ambao Mabruka hakuupima. Kisha msichana akapangusa uso kwa bega, akavuka uwanja mpaka alipokuwa baba yake, akamnyooshea koni moja.

"Coach," alisema, "wanakuja saa kumi na hujapanga hata upande wa pili."

Mwololo aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda upande wa pili.